Nusu Kilo ya Halua: Siku Sita za Lamu na Shangazi

Nimerudi Tanga wiki mbili sasa. Haya nimeyaokota migongoni mwa risiti, kwenye picha za simu, na kwa Shangazi mwenyewe, ambaye kila nikimsomea kipande husema, "Hapo umesahau."

Safari ilikuwa yake. Tangu utotoni alikuwa akiisikia Lamu kwa mabaharia waliotia nanga Tanga na Pangani, na mwaka huu akaamua kwenda kabla magoti hayajagoma. Mimi nilikuwa mbeba mizigo, mshika hela na mpiga picha. Tukachagua mwezi wa pili, upepo wa kaskazi ungalipo na maembe hayajaisha.

Siku ya kwanza, Jumanne: Tanga hadi Mombasa

Basi shilingi 20,000 za kwetu. Horohoro, mpakani, foleni ilikuwa fupi, ila dada mmoja mbele yetu aliacha kadi ya homa ya manjano nyumbani, na basi zima likamsubiri karibu saa nzima. Nauli ukiweza kukusanya, kadi huwezi kuiazima. Iwekeni pamoja na hati ya kusafiria, tena juu ya begi, si chini ya nguo.

Likoni tulivuka feri kwa miguu, bure. Tukalala kwa jamaa Majengo. Sina la kusema juu ya usiku ule isipokuwa mbu.

Siku ya pili, Jumatano: Mombasa hadi Lamu

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kituoni. Nauli ya Lamu shilingi 1,300 za Kenya kwa mtu. Mkata tiketi alitupa viti vya kulia, Shangazi akakataa: "Jua litatupiga mpaka adhuhuri." Tukahamia kushoto, na waliochukua vile vya kulia walipita Kilifi wamejifunika vichwa kwa leso. Mwendo wa asubuhi kwenda kaskazini, kaeni kushoto.

Malindi tulipewa dakika 20. Mahamri mawili na mbaazi za nazi, chai ya rangi, shilingi 120. Mbaazi zilikuwa za moto kiasi kwamba nilizimaliza nikiwa tayari mlangoni mwa basi, sahani mkononi, mwenye kibanda akinifuata.

Baada ya Gongoni tairi la nyuma likapasuka. La akiba lilikuwepo, jeki haikuwepo. Saa moja na nusu chini ya mkwaju, tukingoja lori lolote lenye jeki na dereva mwenye huruma. Ndipo mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao karibu na Garsen akafungua kapu lake la maembe, akaanza kugawa. Hakuuliza nani ana hela. Shangazi akatoa kisu chake cha mkobani (sijui alikivusha vipi mpakani), akawa mkataji. Tulipopanda tena, basi zima lilinuka embe na kila mtu alimjua mwenzake anaenda wapi na kwa msiba au harusi ya nani.

Kutoka Garsen barabara ni lami safi. Wakongwe kwenye basi walisimulia siku za vumbi na matope, mtu akilala njiani mvua ikinyesha. Ukaguzi ungalipo: Gamba tulishuka wote na kupanga mstari, vitambulisho mkononi, na mbele yake tena. Askari walikuwa na adabu. Mgeni wa nchi jirani huulizwa maswali mawili zaidi, basi: unakwenda wapi, kwa nani. Shangazi alijibu, "Nakwenda kutazama watu." Askari akacheka, akatupitisha.

Mokowe, mwisho wa barabara ambapo unapanda boti la kisiwani, tulifika saa tisa. Gati hapo ndipo pesa hupotea: vijana watano watashika begi lako kwa mpigo mmoja. Shikeni begi wenyewe, ulizeni boti la abiria la kawaida. Sisi tulilipa shilingi 150 kila mmoja, na kijana aliyemshika Shangazi mkono kumshusha kwenye ngazi zenye ukoga alikataa chochote. "We ni mama," alisema, akarudi kumchukua mwingine.

Lamu ikaja polepole: kwanza minara, halafu mapaa ya makuti, halafu punda, halafu harufu yao.

Siku ya tatu, Alhamisi: kutafuta pa kukaa

Chumba chetu kilikuwa kwenye nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, shilingi 2,500 kwa usiku, vitanda viwili, ngazi za kuvunja roho. Asubuhi Shangazi alitangaza ratiba yake. Makumbusho tutakwenda, ngome tutaiona, lakini kazi hasa ni kukaa mahali, kula kitu kitamu, na kutazama watu wakipita. Nikadhani ni kazi rahisi.

Tulianza kwenye mkahawa wa pwani wenye viti vya mito. Juisi ya embe 250, nzuri, nzito, barafu ya kutosha. Wageni wote walikaa wakielekea maji, wameupa mji mgongo. Shangazi alikunywa mpaka nusu akaniuliza, "Hivi wanangoja nini huko?" Nikamwambia wanatazama bahari. "Bahari ninayo Tanga. Mimi nataka watu."

Tukaenda Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, unaoitwa kwa mkungu wake mkubwa. Hapo ndipo Lamu inapokaa. Wazee juu ya mabenchi, dhumna zikipigwa mezani kama milango, mtu mmoja akitoboa na kushona kofia ya vito, ile ya mkono, bila hata kuitazama sindano, muuza kahawa na dele lake, kikombe shilingi 10. Tukaketi pembeni. Hakuna aliyetufukuza, tulisalimiwa vizuri tu, kahawa tungu ikaletwa. Lakini mazungumzo yalipungua sauti, kisha yakawa ya bei ya samaki. Baada ya dakika kumi Shangazi akasimama. "Tumewaharibia baraza, mwanangu. Walikuwa na maneno matamu wale, wamekuja kutuwekea samaki."

Mwanamke anayesafiri asiogope kupita pale wala kupiga picha ngome. Nasema tu kwamba ile ni baraza ya wanaume, na ukikaa utatazama watu wanaojua wanatazamwa.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa kama mwaka 1813, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa huko Shela, ikamalizika 1821. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Shangazi alisimama katikati ya ua, akatazama kuta, akasema wafungwa walikuwa wakisikia dhumna kila jioni, na kwamba hiyo ilikuwa adhabu ya pili.

Ndipo tukanunua halua. Duka ni kama kabati lililofunguliwa njiani, kwenye Usita wa Mui, barabara kuu ambayo watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Muuzaji alichota kidogo kwa ncha ya kisu, akaweka kwenye kipande cha karatasi, akampa Shangazi aonje. Shangazi ana msimamo juu ya halua. Ikiwa wanga haujaiva, inabandika kwenye kaakaa. Ikiwa samli ni ya kuibia, inakauka kesho yake. Iliki ijitokeze ukimeza, si ukitafuna. Alifumba macho. "Nusu kilo," akasema. Shilingi 250, na 50 za kijikapu cha ukindu, kwa sababu alikataa mfuko.

Tulikuwa tunarudi chumbani tuile peke yetu. Tukapotea. Vichochoro vya Mkomani havina huruma, ukuta wa mawe kulia na kushoto, juu yako chumba kimevuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, na nyuma yako punda mwenye mifuko ya mchanga ambaye hana mpango wa kusimama. Tulijibana mlangoni kumpisha. Mlango ule ulikuwa na daka, vibaraza viwili vya mawe vinavyotazamana, na juu ya kimoja ameketi bibi mwembamba, mjukuu wake ubavuni na juzuu.

"Ndooni mketi, yua kali," akasema.

Nina faida ndogo kwa wanaotoka bara: Lamu ukiambiwa *ndoo*, huletewi ndoo ya maji, unaitwa. Njia ni *ndia*, macho ni *mato*, chini ni *tini*. Siku moja utachanganyikiwa, siku ya pili utaona aibu kwa Kiswahili chako cha shule.

Tukaketi. Shangazi akafungua kijikapu hata kabla hajamaliza kujibu salamu. Bibi akaita ndani, kikaletwa kisahani, kisha kahawa, kisha jirani wawili waliosikia kahawa. Na tangu saa kumi mpaka adhana ya magharibi sikuinua mgongo kutoka kwenye ule ukuta wa baridi.

Wanapita nani? Watoto wa madrasa wakikimbia, mitandio mikononi. Mchukuzi na mkokoteni wa soda, akipiga kelele za kuomba njia. Mvuvi na changu watatu wamefungwa ukindu midomoni. Bibi alimwita, akabonyeza mmoja shavuni, akamruhusu aende. Kijana wa nywele ndefu aliyeinamisha kichwa na kuamkia kwa unyonge, na alipopinda kona Bibi akatueleza ana deni la nani. Halafu wazungu wawili, mume na mke, ramani ya simu mkononi. Wakapita. Wakarudi. Wakapita tena.

"Hao mara ya tatu," Bibi akasema. "Ya nne tuwape halua."

Ya nne ilifika baada ya dakika tano. Mwanamume alipewa kipande kwenye kiganja, akakitafuna akiwa amesimama, na sura yake ikabadilika kama mtu aliyekumbuka kitu. Mjukuu akatumwa awapeleke mpaka pwani. "Ndia zote za Lamu zarudi pwani," Bibi akatwambia, "ila mgeni hana subira ya kuteremka."

Nusu kilo ilibaki robo. Na chumba tulichokuwa tukikitafuta kilikuwa hatua arobaini tu kutoka pale.

Siku ya nne, Ijumaa: kofia kutoka juu

Ijumaa fanyeni mambo yenu asubuhi. Kuanzia kama saa sita maduka hufungwa. Asubuhi ile tulikwenda makumbusho, tukalipa bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, tukaziona siwa mbili, zile baragumu kubwa za kupuliza, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu. Shangazi aliitazama ile ya pembe muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akauliza mlinzi nani aliipiga mara ya mwisho. Mlinzi akatabasamu tu.

Mchana, mji ulipoelekea misikitini, tulipanda juu ya paa. Kutoka juu huoni nyuso. Unaona kofia, mamia, nyeupe, zikitiririka kwenye kichochoro kama vikombe vya kahawa vilivyofudikizwa. Shangazi akaanza kazi: ile ya vito vya kweli, ile ya mashine, ile imefuliwa kwa jiki mpaka imekufa. Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, uko upande wa mtaa wa Langoni, na mkondo mkubwa ulikuwa ukielekea huko. Wakati wa Maulidi vyumba hujaa na bei hupanda. Anayeitaka sherehe ile aweke nafasi mapema sana, na anayetaka utulivu aje majuma mengine.

Alasiri tulirudi kwenye daka, halua mpya mkononi, robo kilo. Tulipomsimulia Bibi habari ya paa, alicheka mpaka akashika kifua. "Basi mmetazama kama sisi zamani," alisema. Daka, akatueleza, lilikuwa la mume na wageni wake. Wanawake wa majumba haya hawakuketi mlangoni. Walichungulia juu, na wakitaka kumtembelea jirani walipita kwenye wikio, kile chumba kinachovuka njia, wasikanyage chini. Nyanyake alitoka nje ndani ya shiraa, pazia linalobebwa na watu kila upande, likitembea barabarani kama hema. "Aliwaona wote, wao hawakuona hata kidole." Kisha akanyoosha miguu yake juu ya jiwe, kidogo kidogo, kama anayekumbuka kwamba anaruhusiwa.

Jirani mmoja akaniuliza kama nimeolewa. Nikafungua mdomo, Shangazi akajibu kwa niaba yangu, kwa urefu. Nilishughulika na kahawa.

Kabla ya magharibi yakapita masinia matano vichwani mwa wanawake, yamefunikwa makawa mekundu na meusi, nyimbo nyuma yake. Harusi. Bibi alihesabu masinia kwa midomo, akamtazama jirani yake, jirani akainua nyusi. Hakuna aliyetufafanulia, na mpaka leo Shangazi anadhani yalitakiwa kuwa saba.

Siku ya tano, Jumamosi: Shela

Shela ni kilomita 3 hivi kutoka mjini. Maji yakiwa makavu unatembea pwani kwa dakika 45. Yakijaa njia humezwa na utapita kwenye mawe ukinung'unika. Tulienda kwa miguu, tukarudi kwa boti, shilingi 150 kila mtu. Bebeni maji.

Ni kijiji safi, cheupe, nyumba nyingi zimetengenezwa upya, na nyuma yake mchanga mtupu unaokwenda mpaka macho yachoke. Kuna mnara wa msikiti wa mwaka 1829, umechongoka juu, ambao nimeupiga picha kumi na moja zote zimepinda.

Tulinunua aiskrimu, shilingi 400 kila mmoja. Tukakaa kwenye ukuta mdogo tukatazama. Shela ina kioja chake: wazungu wamevaa vikoi, vijana wa hapo wamevaa jinzi. Mama wa Kizungu na mbwa wawili anamsalimia kila mtu kwa jina na anasalimiwa. Familia ya Nairobi, watoto wanalia kwa mchanga wa moto, baba anajidai hausikii. Manahodha wanauza machweo: njoo jioni, jahazi, samaki, ngoma. Bei ya kwanza waliyotutajia ilikuwa ya mgeni. Shangazi aliposema neno la pili kwa lafudhi yake ya Tanga ikashuka nusu bila kuombwa.

Aiskrimu ilikuwa nzuri, sisemi kitu. Ila ilikuwa inateremka mkononi, Shangazi akiilamba kwa haraka huku akiitazama njia, na hakupata hata nafasi ya kumsema mtu. Kijana mmoja alikuja kuketi kando yetu, mzungumzaji, mwenye habari. Shangazi akaitazama koni yake, akamtazama kijana, akaona haya.

"Kitu gani hiki," aliniambia baadaye botini, "hata kukimega kumpa mtu huwezi."

Usiku tulikula mkate wa mofa na samaki wa kupaka Langoni, 350 kila mmoja. Nilitaka kurudi Mkunguni nipige picha za taa. Shangazi alishapita mbele, anaelekea dakani, kuaga.

Siku ya sita, Jumapili: kurudi

Boti la kwanza la Mokowe tulilipanda kabla ya saa kumi na mbili. Mabasi hayangoji, na anayechelewa atalala siku nyingine, jambo ambalo Shangazi alilipendekeza mara mbili.

Boti likiwa limeshafunguliwa kamba, mjukuu wa Bibi akaja mbio kwenye gati, kofia mkononi, kijikapu chetu cha ukindu kifuani. Tulikisahau kwake usiku. Baharia alimshika kiuno asitumbukie, akakipokea, akakirusha kwetu juu ya vichwa vya abiria. Kilikuwa kizito.

Shangazi hakukifungua. Alikiweka mapajani Mokowe, akakishika Hindi, akakikumbatia Witu. Gamba tulishuka tena kupanga mstari, jua lishapanda, na askari wa zamu, si yule wa mwanzo, akakigusa kwa kidole. "Mna nini humu?"

Ndipo akafungua. Mikate ya mofa minne imefungwa kitambaa, kaimati, kichupa cha achari ya embe kilichofungwa kwa nailoni mara tatu. Na chini kabisa, kwenye karatasi, kipande cha halua.

Askari akachukua kaimati mbili. Aliyekuwa nyuma yetu akachukua moja. Tuliporudi ndani kondakta naye alikuwa ameshasikia. Kufika Malindi palikuwa na achari tu, na Shangazi, kidole kikiwa na mafuta, ananiuliza kama Tanga kuna anayeuza kungumanga nzima, maana ile ya unga haifai, na kama Maulidi mwaka huu yanaangukia mwezi gani.